Ugali na Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambazo wanyama walijenga nyumba, wakawasha majiko na kualikana, jua liliwaka mpaka visima vikakauka. Maji yalibaki mahali pamoja tu: kisima kilichokuwa ndani ya ua wa Fisi.

Fisi akatangaza, "Asiyekula kwangu, hanywi kwangu!"

Asubuhi moja Digidigi akaenda na kibuyu chake. Mnamjua Digidigi: swala mdogo kabisa, miguu kama vijiti, pua inacheza tiki tiki kila anapowaza. Nyumbani alikuwa amemwacha mumewe na mtoto wao, midomo imewakauka.

"Hodi!"

"Karibu, Bi Digidigi!" Fisi akachungulia juu ya ua, meno yote nje. "Maji utapata, lakini chakula kwanza. Njoo kesho mchana. Tutakula ugali na Digidigi na Chui."

"Ahsante sana, Bwana Fisi. Nitakuja."

Akarudi mbio, moyo mweupe, akamsimulia mumewe.

"Hebu rudia," mumewe akasema. "Alisemaje hasa?"

"Tutakula ugali na Digidigi na Chui."

Mumewe akauliza, "Mke wangu, kabla maji hayajaisha tulikuwa tunakula nini?"

"Ugali na maharage."

"Na siku nyingine?"

"Ugali na mchi..." Digidigi akakatiza. Pua tiki tiki, tiki tiki.

"Yale maharage," mumewe akasema taratibu, "hayakuja kama wageni."

Lo! Digidigi akaketi chini.

"Usiende," mumewe akamsihi.

"Nisipoenda, mtoto atakunywa nini?"

Mchana kutwa alikaa kivulini akiliwaza lile neno. *Na.* Dogo, hata kinywa halijazi. Lakini linambeba mwenzako wa kula, tena linabeba kitoweo, wala halikwambii limebeba kipi. Akalisema polepole, akalisema tena. Kisha akakumbuka kwamba Fisi alilitamka mara mbili.

Kesho yake akafika. Fisi alikuwa jikoni anasonga ugali, pwata pwata! Chui alikuwa nje, amejinyoosha juu ya mkeka.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba, kitoweo chetu," Chui akajibu, akajilamba.

Moyo wa Digidigi ukapiga pu! pu! pu! Akajikaza, akasogea karibu.

"Kweli mimi ni kitoweo, sikatai. Ila kuna jambo linanitatiza. Fisi aliniambia, 'Tutakula ugali na Digidigi na Chui.'"

"Sawa kabisa."

"Sasa ile *na* ya Digidigi ni ya kitoweo."

"Ndiyo, ya kitoweo."

"Na ile ya Chui je, bwana? Ni ya nini?"

Chui akaacha kujilamba. Mkia ukasimama wima.

"Wee Fisi!" akaita. "Huyu ulimwambia mtakula nini leo?"

"Ugali!" Fisi akajibu kutoka jikoni.

"Ugali na nini?"

"Na Digidigi na Chui! Ndivyo nilivyosema, na ndivyo itakavyokuwa!"

Mara Fisi akatokea mlangoni, anacheka kwa furaha, mkono mmoja chungu cha ugali, mkono mwingine kisu kirefu.

"Kisu cha nini?" Chui akauliza.

"Cha kitoweo! Kaa hapo hapo, usisogee, naanza sasa hivi!"

Ngrrraaa! Chui akaruka. Chungu kikaanguka, paa! Ugali ukatapakaa.

"Mimi ndiye kitoweo chako?"

"Hapana, rafiki yangu! Ile *na* ni nyingine!"

"Nyingine ipi? Ni hiyo hiyo!"

Fisi akapenya kwenye ua wa miiba, manyoya yakabaki humo. Chui nyuma yake! Vumbi likatimka mpaka ng'ambo ya kilima, halafu kimya.

Digidigi alibaki amesimama peke yake. Uongo hakusema, kila neno lilikuwa la Fisi mwenyewe.

Kisha akajaza kibuyu, akafungua mlango wa ua wazi kabisa, akaita, "Jamani, njooni mchote! Hapa hakuna tena mlinzi!"

Wakaja wote, wenye pembe na wasio na pembe, wakachota. Na nyumbani kwa Digidigi mtoto akanywa, glu glu glu, mpaka tumbo likawa ngoma.

Basi na nyinyi, wanangu, mkialikwa mahali, ulizeni kwanza kama mnakwenda kula au kuliwa.