Kelele za Nyumbani

Ngoma ya ugenini ina adabu nyingi: mtu huicheza huku akiwatazama wenyeji asije akawaudhi. Kwao mtu hucheza kwa raha zake. Akikosea huchekwa, akipatia humiminiwa tuzo. Asiyeamini na amwulize Daovone wa Vientiane.

Michezo ya nchi jirani za Kusini-Mashariki mwa Asia ilianzia Bangkok, na Laos ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, kwa nusu karne nzima Laos ilikuwa mgeni tu, leo Manila, kesho Jakarta, ikienda na matumaini tele na kurudi na uchovu. Hatimaye zamu ya Vientiane kuwa mwenyeji ikafika, na mji mzima ukajipamba kama bibi harusi.

Daovone alikuwa mchezaji wa petanki, mchezo wa kurusha matufe ya chuma yakaribie kijipira cha mbao. Uani kwa wifi yake Kongkeo, katikati ya kuku na masufuria ya supu, hakuna aliyemweza. Lakini mara mbili alizopelekwa nje alirusha kama mtu aliyefungwa kamba. Wenye midomo yao wakambandika jina, "simba wa uani". Safari hii viongozi wa timu walimwambia bila kumung'unya maneno kwamba akishindwa hapa, nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

"Kwani huko nje unaogopa nini, wifi?" Kongkeo alimwuliza.

"Simwogopi mtu. Ni kile kimya chao. Wananyamaza kama wako msibani, mkono unaganda."

"Msiba gani huo? Mimi hata msibani sinyamazi!"

Daovone alifika fainali, akakutana na Wilaiwan wa Thailand. Mwanzoni watu walikuwa bado wanatafuta viti kwa makelele, naye akaongoza vizuri. Kisha mwamuzi akaomba utulivu, na jukwaa zima likatii. Daovone akakosa. Akakosa tena. Wilaiwan akamfikia, kila mmoja akabakiza pointi moja tu ashinde. Mkononi mwa Daovone lilisalia tufe moja, na tufe la Wilaiwan lilikuwa limekigandama kijipira kama kupe. Asipoling'oa, ndiyo kwaheri. Daovone akaliinua tufe lake, akalishusha, akaliinua tena.

Ndipo ikasikika sauti kutoka jukwaani.

"We Daovone! Mbona umekakamaa kama samaki mkavu? Kuku wangu kila siku unawapiga, hicho chuma kisichokimbia ndicho kinakushinda?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mama mwingine akadakia, "Ukikosa, wali wa kunata leo utaunusa tu!"

Mwamuzi akainua mkono kwa hasira. Lakini Wilaiwan, aliyezaliwa ng'ambo ya pili tu ya Mto Mekong, wanakosema lugha hiyohiyo, na aliyeelewa kila neno, alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka.

"Waache, mwamuzi," alisema. "Hata kwetu hunipigia kelele hivihivi. Nataka nimshinde akiwa yeye mwenyewe."

Daovone naye akacheka. Mabega yakamshuka, mkono ukalegea.

"Wifi, funga mdomo uone!"

Tufe likapaa, likashuka juu ya lile la Wilaiwan kwa mlio mkali, likalitupa mbali, na lenyewe likatulia palepale, ubavuni mwa kijipira. Watu wakaruka kutoka vitini wakipiga vigelegele. Laos ilikuwa imepata dhahabu, na imeipata nyumbani!

Kongkeo aliruka uzio na sketi yake ya hariri, akamvamia wifi yake kwa kumbatio. Kisha akamfunga uzi mweupe wa baraka mkononi, kama afanyiwavyo mtu aliyepata heri. Wanawake wengine wakajipanga nyuma yake, kila mmoja na uzi wake. Wilaiwan naye akaomba uzi, akaufunga mkononi mwa Daovone yeye mwenyewe. Daovone alilia mbele za watu bila haya, mikono yake ikiwa myeupe pepepe hadi viwikoni kabla hata medali haijaletwa.

Mkono huo ndio uleule ulioshindwa ugenini mara mbili. Lakini mcheza kwao hutunzwa.