Michoro Ndani ya Jiwe la Namkunda

Hapo zamani, na msiniulize lini, mhunzi mmoja wa milima ya Upare alifariki, akaacha binti, Namkunda, na kiwanda kilichozimika moto. Mfumwa, ndiye mtawala wa huko, akatangaza kwamba atakayemletea chuma ambacho hajapata kukiona, kiwanda ni chake. Namkunda alikitaka. Kiwanda kilikuwa cha baba yake, ila kwa desturi mwanamke hakugusa mivukuto ya kupulizia moto.

Basi siku moja akilima maharage, jembe likagonga jiwe jeusi, dogo kwa macho, zito ajabu. Akawaita wanafunzi wa baba yake, Senkoro na Mbonea, wakalikokota hadi kiwandani.

Senkoro hana subira, huyo. Akabandua kipande kwa patasi, akakitia motoni kama mawe yote ya chuma yanavyotiwa, akafua kisu. Namkunda akakiosha kwa ndimu, maana baba yake hakutoa kazi bila kuiosha hivyo. Kikatoka kisu kizuri, lakini kisu tu. Wakampelekea mfumwa, akapiga miayo. Namkunda akalia.

Mbonea akasema lililobaki lisione moto. Akalikata likiwa baridi, akausugua uso wa jiwe kwa mchanga na maji masika yote, watu wakimcheka. Namkunda naye akaupaka ndimu, akauacha. Kesho yake, lo! Mistari ilikatizana uso mzima kama mkeka uliosukwa.

Wataalamu wa leo wanatuambia mawe hayo yametoka angani, ni chuma na nikeli vilivyopoa polepole mno hata vikajipanga vyenyewe. Ukivirudisha motoni, mpango unavurugika. Namkunda na wenzake hawakuyajua hayo, waliona tu kwamba kisu hakikuwa na mistari.

Safari hii mfumwa hakupiga miayo. Akauliza kiwanda ampe nani.

Senkoro akasema, "Bila kosa langu, jiwe lote lingeingia motoni."

Mbonea akaonyesha viganja vilivyochubuka. "Bila hivi, michoro ingebaki gizani."

Namkunda akapiga goti. "Jiwe nimelipata mimi, ndimu ni ya baba yangu. Mivukuto nitajifunza."

Mfumwa akacheka kwa furaha, akaamuru moto uwashwe kwanza, mwenye kiwanda atajulikana ukishawaka. Moshi ukapanda, na Namkunda akaisikia harufu yake kama zamani.

Haya, nyinyi mliotulia hapo. Moto umeshawaka na mfumwa anawatazama nyinyi: je, kati ya hao watatu, nani alistahili kiwanda?