Siku Tatu za Ugeni

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni ya tangu watu walipoanza kubishana bila kuonana sura, palikuwa na kundi sogozi la simuni lililoitwa Baraza la Watotoleshaji. Wanachama wake walikuwa mafundi wa mashine za kutotolesha vifaranga, walioenea kutoka Tanga hata Bukoba. Nipeni masikio, hadhirina, nanyi zuieni hasira zenu mpaka nimalize, maana mimi zangu zimenishinda.

Baraza lile lilikuwa na desturi moja liliyojivunia. Mgeni akiingia na kuonyesha kazi yake, kazi hiyo haikosolewi mpaka zipite siku tatu. Siku hizo ni za kumkaribisha, za kumpongeza, za kumtumia picha za maua. Desturi hiyo aliiweka msimamizi wa kundi, Mwalimu Shebughe wa Lushoto, baada ya kuona vijana wengi wakitukanwa siku ya kwanza na kukimbia siku ya pili.

Akaingia Siwema Mhando, fundi wa Magoma, binti wa miaka ishirini na minne. Alikuwa amejenga mashine kwa mikono yake, kwa ajili ya kikundi cha akina mama kumi na wawili wa kijijini kwao. Akina mama wale walikusanya mayai mia mbili na arobaini kwa wiki nzima, wakajinyima wao, wakawanyima na watoto wao. Walimwahidi kwamba mayai yakianguliwa, mashine zote za kata atajenga yeye. Siwema akapiga picha ya ndani ya mashine, akaituma barazani, akauliza: "Wakubwa zangu, kesho asubuhi napanga mayai. Kuna kosa mnaloliona?"

Kosa lilikuwapo. Kipima joto alikifunga juu ya karai la maji, mahali penye ubaridi kuliko kwingine. Kitahisi ubaridi, kitaamuru taa za kupasha joto ziwake, na mayai yataungua huku kioo cha nje kikionyesha joto la sawasawa.

Wa kwanza kuliona alikuwa Fundi Luhende wa Shinyanga, mwenye miaka kumi na tisa kazini. Hakungoja siku tatu, hakungoja hata dakika tatu. Aliandika hivi: "Kipima joto kiko juu ya maji, kihamishe. Ila nani alikudanganya kwamba hii ni kazi yako? Hilo ni sufuria la kuchemshia mayai, dada. Rudi jikoni, mashine tuachie wenyewe."

Watu tisa wakacheka. Siwema akasoma, na macho yake yakakwama kwenye neno jikoni. Sentensi ya kwanza ilimpita kama haikuandikwa. Akasema moyoni kwamba mtu mwenye kinywa hicho hana la kumfundisha, na kesho yake akapanga mayai yote bila kugusa kipima joto, ili yule bwana aje aone vifaranga.

Wa pili kuliona alikuwa Mwalimu Shebughe. Alilijua kosa kwa kulisoma katika maneno ya Luhende, na alijua kwamba ni kweli. Akaufuta ujumbe wote, akamtoa Luhende kwa siku tatu, akaandika: "Binti, tuwie radhi. Hapa hatutukanani. Kazi yako ni nzuri." Alifuta tusi, akafuta na onyo.

Wa tatu kuliona alikuwa Dada Asteria wa Bukoba, mpole kuliko wote. Aliandika ukosoaji ambao sijaona mfano wake kwa uungwana: ulisifu mbao zilivyofungwa, ukataja kosa bila kumtaja mtu, ukachora na mshale wa kuonyesha kipima joto kihamie wapi. Kisha akauhifadhi katika simu yake, akahesabu siku. Siku ya kwanza aliandika hongera. Siku ya pili aliandika hongera sana. Siku ya tatu alituma maua. Siku ya nne, jua likichomoza, akatuma ukosoaji.

Asubuhi hiyohiyo Siwema alikuwa amekwisha kuyamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine, na ndani ya kila yai ameona pete ya damu, alama ya kiinitete kilichokufa.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Semkiwa, aliichukua simu ya Siwema, akausoma ukosoaji wa Asteria, akalitumia baraza sauti yake. "Siwajui, nanyi hamnijui. Mliulizwa swali, na jibu mlikuwa nalo. Jumamosi aje mmoja wenu, mmoja tu, asimame mbele ya wanawake kumi na wawili aseme: ni mimi. Akija, Siwema atapewa mayai mengine. Asipokuja, binti huyu hatagusa mashine yetu tena."

Baraza likawaka moto.

Luhende, aliyekuwa amerudishwa siku hiyo, alisema haendi popote. "Nilisema kweli, tena siku aliyouliza. Waya haujui adabu."

"Waya haujui, Fundi," Asteria akamjibu, "lakini anayeshika bisibisi ni mtu."

Mwalimu Shebughe alijitetea kwamba kabla ya sheria zake hapakuwa na mwanamke hata mmoja barazani, na sasa wako thelathini na sita; Siwema mwenyewe aliingia kwa mlango alioufungua yeye. Luhende akamwuliza kama mlango ule ulifunguliwa ili wageni waunguze mayai kwa amani.

Asteria alisema yeye ndiye pekee aliyeandika neno linaloweza kusomwa bila uchungu, na kwamba aliitii sheria aliyoikuta. Hapo kila mmoja alikumbuka ile kesho asubuhi iliyotajwa katika swali la Siwema.

Ndipo Luhende aliposema asimame Siwema, maana ndiye aliyeonywa, akaweka kiburi mbele ya mayai ya watu. Na Siwema akaandika: "Onyo nililiona leo, nilipokumbuka maneno yako. Siku ile nililiona tusi tu, kwa sababu ndilo uliloandika kwa nguvu zaidi. Kama ni mimi, semeni, nitasimama, hata nikiikosa mashine."

Jumamosi imefika, hadhirina. Wanawake kumi na wawili wamekwisha kukaa, mashine imezimwa, na nafasi ya kusimama mtu mmoja iko wazi mbele yao. Kuna aliyesema kweli kwa matusi, kuna aliyefuta kweli kwa adabu, kuna aliyeichelewesha kweli kwa uungwana, na kuna aliyeisoma asiipokee kwa uchungu. Je, kati ya hao wanne, nani anastahili kusimama aseme: ni mimi?