Fimbo ya Khatibu Khuzaima

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Yemeni, zama za waja wema, alikuwapo khatibu aitwaye Khuzaima, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ulimi wake ulikuwa moto. Kwa desturi yake, kabla ya kumtaja dhalimu, aligonga mimbari kwa fimbo mara tatu, na watu waliingojea fimbo ile kuliko dua yenyewe, Mungu atusamehe.

Liwali alipofunga kisima cha mtaa wa mafukara, Khuzaima hakuuliza. Ijumaa akapanda, akagonga, akanguruma: "Liwali amewanyima maskini maji ili bustani yake inywe!" Mji ukawaka. Watu wakaapa kwamba Ijumaa ifuatayo, wakishasali tu, watamfukuza liwali na wanawe.

Alhamisi asubuhi Khuzaima akajiwa na mjane aitwaye Ghazia, akilia.

"Sheikh wangu, kisima kimeoza. Mbuzi wangu alitumbukia, nikanyamaza kwa hofu. Liwali alikifunga tusidhurike, nami nikamwomba anisitiri. Angetaja mbuzi tu, mtaa mzima ungejua ni wangu."

Khuzaima akaanza kupima. Akinyamaza, mtu asiye na hatia atafukuzwa. Akisema, heshima yake ya miaka thelathini itakwisha mchana mmoja. Akataka kumwomba Mola subira, akakumbuka liwali ametukanwa juma zima asijitetee, akaona haya.

Ijumaa msikiti ulifurika. Akagonga mara tatu.

"Enyi waja wa Mungu! Mwongo wa mji huu ni Khuzaima! Nilimsingizia liwali. Hakufunga kisima kwa ajili ya bustani."

"Basi alikifungia nini?" wakapaza sauti.

"Hiyo ni siri ya mtu, si yangu kuitoa. Kama lazima mumfukuze mtu leo, nifukuzeni mimi."

Wakaanza kumzomea. Ndipo ikasikika sauti upande wa wanawake: "Mwacheni sheikh! Ni mbuzi wangu mimi!"

Mzee mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na hasira ya mji ikaishia hapo. Baada ya sala liwali akamshika Khuzaima mkono. "Sheikh, hotuba ile ya kwanza ilikuwa kali, hata mimi nilikaribia kujichukia." Alasiri wakashuka kusafisha kisima, khatibu akiwa wa kwanza kushika kamba, uso umemkunjamana kwa harufu na moyo mweupe.

Tangu hapo hakuacha kuwakemea madhalimu. Ila kabla ya kupanda mimbarini, alikwenda kwanza kwa mtu mwenyewe na kugonga mlango wake kwa fimbo ileile, mara tatu, akauliza. Nasi tunaofurahia kusikia wenzetu wakichomwa kwa maneno, je, tumegonga mlango wa nani?