Punda Aliyemnyima Fundi Mguu

Bisheni. Bisheni kabisa, hata wewe mama wa kitenge cha njano unayenitazama kama nauza dawa ya panya. Mimi niliyeishia darasa la tano nasema hivi: kuna punda amewahi kumfundisha fundi kazi.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kwato, kijana, mdomo mkali kuliko kisu chake cha kuchongea. Aliitwa na bibi mmoja aliyeuza maji ya mtoni kwa mgongo wa punda. Punda huyo hakupigiliwa chuma cha kwato. Alitembea peku kama alivyoumbwa. Ila kwato zilikuwa zimerefuka, zikapinda kama kandambili iliyoachwa karibu na moto. Kila hatua ilimuuma. Mtoto wa bibi alishasema: asipotembea vizuri kufikia adhuhuri, anakwenda kwa wachinjaji.

"Bibi, kaa utazame mikono ya dhahabu," fundi akatamba. Akavuta mguu. Punda akaukita ardhini kama nguzo. Akavuta tena, akala teke la paja.

"Lete kamba! Huyu mkaidi."

"Kamba ya nini, mjukuu wangu? Unamnyang'anya mguu wake. Muombe."

"Punda anaombwa?"

"Mwegemee kwa bega. Teremsha mkono polepole mpaka chini. Halafu nyamaza, kama unaweza."

Kunyamaza! Hapo ndipo fundi alipotoka jasho. Akaegemea. Akasubiri. Punda akashusha pumzi, akahamisha uzito, akainua mguu mwenyewe na kuuweka kiganjani mwa fundi. Basi akachonga, akapiga tupa, miguu yote minne. Adhuhuri punda alikuwa anapandisha njia ya mtoni na madumu yake, bibi nyuma akimtania, "Taratibu, bwana harusi!"

Na sisi je? Mara ngapi tunamvuta mke, mtoto, jirani, tukidai tunamnyoosha? Nani hapa alimwegemea kwanza?

Msipige makofi bado. Kuna kipande nimekiruka. Yule punda hakuwa mkaidi. Mwaka mmoja kabla ya siku ile, fundi yuleyule alimchonga kwa haraka na kwa maringo, akamkata mpaka kwenye nyama hai, akaziba damu kwa tope ili bibi asione, akaaga. Tangu hapo punda hakumpa mtu mguu. Ndiyo maana kwato zilirefuka. Kisha siku ile akampa mguu yeye yuleyule aliyemuumiza.

Fundi ni mimi. Bibi ameketi benchi la tatu, na hili analisikia leo kwa mara ya kwanza. Bibi, nisamehe.