Mguu wa Salamanda Kisahanini

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, palikuwa na maabara yenye vibarua watatu na nafasi moja ya ajira. Vibarua hao ni Gervas, Mwanahawa na Tumsifu. Mkuu wao, Profesa Rwechungura, akawaita.

"Salamanda, yule mnyama kama mjusi wa majini, akikatwa mguu, huota mwingine," akasema. "Nataka kichipukizi cha mguu huo kikuzwe kisahanini, seli zake zigawanyike, nizione kwa macho yangu. Atakayefanikisha, ajira yake. Wengine, kwaherini."

Gervas akakata kichipukizi, akakiweka kisahanini, akakilisha mchuzi wa maabara, akakikinga na ukungu. Seli zikaishi. Ziliishi tu, kugawanyika hakuna. Zilikaa kama wageni wa msibani waliokwisha kula.

Akaja Mwanahawa. Akapachika kando ya kichipukizi hicho kipande cha mshipa wa fahamu, maana mguu usio na mshipa huo hauoti. Seli zikaanza kugawanyika, moja mbili, mbili nne. Lakini kila Profesa akichungulia kwenye hadubini, hii imeshamaliza, ile haijaanza. "Sioni kitu," akasema, akaenda kunywa chai.

Akaja Tumsifu. Akadondosha dawa inayoinasa seli katikati ya kugawanyika, isirudi wala isiendelee. Profesa akachungulia, akaziona tele, zimekwama kazini. Alifurahi mno. Kesho yake zote zilikuwa zimekufa.

Hapo sasa.

"Profesa, bila mimi ungechungulia ukungu," akasema Gervas.

"Kaka Gervas, wewe ulizifuga. Aliyezigawanya ni mimi," akasema Mwanahawa.

"Sawa, dada, zikagawanyika. Nani aliziona?" akauliza Tumsifu.

"Umeziua, Tumsifu." Machozi yalikuwa yakimlengalenga Mwanahawa. "Nami nyumbani nimeshawaambia kazi nimepata."

"Pole, dada. Ila Profesa alisema azione. Hakusema ziishi."

Salamanda, mwenye mguu, hakuulizwa na mtu. Alikuwa kwenye tangi lake akiotesha mwingine, bila mkataba.

Profesa akakuna kidevu. "Wote mmesema kweli," akasema. "Basi nitakayemwajiri ataanza upya Jumatatu. Peke yake."

Watatu wale wakatazamana. Hakuna aliyejua kazi ya mwenzake.

Haya, nyinyi mnaocheka, nafasi ni moja na Jumatatu haiko mbali. Je, kati yao nani alistahili?