Kifuniko cha Gurudumu la Baba

Sogeeni karibu, na asinijibu mtu kabla sijamaliza.

Pale Same palikuwa na ndugu watatu, watoto wa marehemu Mzee Mbwambo. Zefania, mkubwa wao, alijaliwa subira. Nakijwa, binti pekee, alijaliwa mkono mwepesi. Kaanaeli, kitindamimba, alijaliwa masikio: gari likipita barabarani, alikwambia linaumwa wapi.

Mama yao alikuwa akipoteza macho, na daktari alishasema zimebaki wiki chache tu. Basi akawaita.

"Wanangu, siku niliyoolewa nilijitazama kwenye kifuniko cha gurudumu la gari la baba yenu, nikafunga kilemba changu. Kiling'aa hasa! Atakayenirudishia mng'ao ule nijione mara moja tu, gari ni lake."

Gari lilikuwa limekaa uani miaka kumi. Kifuniko chenyewe, cha aluminiamu, kilikuwa kimefifia kama sufuria ya shughuli.

Zefania alikisugua kwa msasa na maji, kuanzia ule mkali hadi ule laini, siku tisa, mpaka ncha za vidole zikachanika. Hakuacha mkwaruzo hata mmoja. Hata hivyo, kilibaki bila mng'ao, uso wa mtu hauonekani.

Siku ya kumi Nakijwa akafunga sponji ya kung'arishia kwenye drili, akaipaka dawa ya kutia mng'ao, akaanza. Mkono wake ulielea tu. Mng'ao ukaanza kuja toka katikati. Lakini mama, pale kibarazani, alikuwa akiuliza kila mara, "Tayari, mwanangu?" Swali lile lilimchoma Nakijwa moyoni. Akaingiwa na haraka, akakandamiza, akasahau kuongeza dawa.

Kaanaeli alikuwa nyuma ya nyumba akichanja kuni. Aliposikia sauti ya drili imezama, alitupa shoka, akakimbia, akachomoa waya ukutani.

"Dada, sponji imekauka! Inaungua!"

Nakijwa akaigusa: moto. Ingezunguka kidogo tu zaidi, ingekwaruza kifuniko chote, na siku tisa za kaka yake zingekwenda bure. Akabadilisha sponji, akamaliza polepole.

Mama akaongozwa, akainama mbele ya kifuniko. Akagusa shavu lake.

"Kumbe nimezeeka hivi," akasema, akacheka huku analia.

Wiki ya tatu macho ya mama yakapofuka kabisa. Asubuhi moja akawaita tena, akanyoosha mkono wenye ufunguo.

"Mwenye haki achukue. Sitamwona ni nani, wala sitamuuliza."

Nakijwa alijua kwamba bila yeye mama asingejiona. Alijua pia kwamba bila wale wawili asingefika popote. Alilitaka gari lile la baba, alilitaka sana, ila mkono haukunyanyuka. Ndugu zake nao hawakuugusa ufunguo.

Je, wewe ungeamua vipi, ufunguo uende kwa nani? Usikawie kujibu. Mama bado ameunyoosha mkono, na umeanza kuchoka.